Balasaraswati: Ngoma Iliyobaki kwa Wenyewe

Wimbo wenyewe ni mfupi, wa lugha ya Kikannada, na habari yake ni nyepesi: mama anamwita mwanawe aje. Mtoto ni Krishna, mungu aliyeshuka duniani akawa mtundu wa kijijini, mwizi wa siagi. Mwimbaji anaurudia mstari uleule tena na tena. Mcheza ngoma ni mwanamke mnene wa makamo aliyejifunga sari, na hafanyi mengi ambayo mtu wa mbali angeyaita kucheza. Haruki wala hazunguki kwa kasi. Mkono unaita, macho yanatafuta, nyusi zinapanda kidogo. Mstari unarudi na mama anakaripia. Unarudi tena naye anabembeleza. Kisha anakumbuka kwamba mtoto huyu anayemkimbiza uani ameuficha ulimwengu mzima kinywani mwake, na hapo uso wa mama unakuwa uso wa mtu anayeabudu, ingawa mkono bado unaita vilevile.

Huyo ni Tanjore Balasaraswati, aliyezaliwa Madras, mji unaoitwa Chennai siku hizi, tarehe 13 Mei 1918, akafariki humohumo tarehe 9 Februari 1984. Wapenzi wake humwita Bala. Satyajit Ray, mwongozaji mkubwa wa filamu kutoka Bengali, alimtengenezea filamu fupi iliyotoka 1976 kwa jina hilohilo, na wimbo wa Krishna akaupigia picha ufukweni, upepo wa bahari ukiivuta sari huku na huku. Bala alikuwa na miaka 58. Wapo waliosikitika kwamba kamera ilimfikia akiwa amechelewa. Mimi naishukuru hata hivyo, maana mbele ya mwili ule wa utu uzima mtazamaji hana urembo wa kujishughulisha nao, hana vito wala jukwaa la kumtia kiwi. Anachokiona ni elimu ya karne mbili ikifanya kazi usoni mwa mtu mmoja.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliijua ngoma ya Kihindi kwa njia ya sinema. Wazee waliopanga foleni Majestic kule Unguja au Avalon jijini Dar es Salaam wanamkumbuka Vyjayanthimala katika Nagin ya 1954. Wengi wao hawakujua kwamba binti huyo wa Kusini mwa India alifunzwa Bharatanatyam kabla hajawa nyota wa filamu. Sinema iliichukua mikono, ikayachukua macho, ikazichukua njuga za miguuni, ikavitia vyote kasi na kuvifunga katika dakika chache za wimbo. Balasaraswati hakwenda huko. Alibaki pale vitu hivyo vilipotoka, na kubaki kwake kulimgharimu.

Alikuwa kizazi cha saba cha wanamuziki na wacheza ngoma. Ukoo wake unahesabiwa kwa upande wa wanawake hadi kwa Papammal, msanii wa jumba la kifalme la Thanjavur katika karne ya 18, na ndiko lilikotoka lile neno Tanjore la mwanzo wa jina lake. Katika jamii hiyo nyumba ilikuwa ya mama, binti alikuwa mrithi, na muziki ulitoka kwa bibi ukaenda kwa mjukuu. Baadhi ya wanawake hao waliwekwa wakfu kwa miungu ya mahekalu, wakaitwa devadasi. Wengine walicheza na kuimba kwenye majumba ya wafalme na arusi za matajiri. Hawakuolewa kama wanawake wengine. Mwanamke aliweza kuwa na mwanamume mmoja wa kudumu, aghalabu mtu wa cheo aliyekuwa na mke wake wa ndoa, na watoto walihesabiwa upande wa mama. Walisoma na kuandika wakati mabinti wengi wa tabaka za juu walikuwa wamefungiwa ndani bila kitabu. Walijua mashairi ya Kitamil, Kitelugu na Sanskriti, tena waliyajua kwa kuyaimba.

Bibi yake Bala, Vina Dhanammal, ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba. Aliishi mtaa wa George Town, Madras, akipiga vina, kinanda kikubwa cha nyuzi ambacho India ya Kusini hukiweka juu ya vinanda vyote. Ijumaa jioni wanamuziki wenye majina makubwa walikwenda kuketi sakafuni kwake kumsikiliza. Alidai ukimya kamili. Macho yake yalipofifia uzeeni aliendelea kupiga, kwa sauti ndogo ambayo ilimlazimu kila mtu kuinama mbele ili asikie. Mwanawe Jayammal, mama yake Bala, alikuwa mwimbaji. Wajukuu Brinda na Mukta wakawa waimbaji ambao mabingwa wenzao waliwaendea kujifunza. Mtoto aliyekulia sebule hiyo alikuwa na sikio lililokwisha kufunzwa kabla hajaambiwa asimame wima.

Jayammal alipoamua kumfundisha mwanawe ngoma, jamaa walipinga. Hawakuwa wajinga wa sanaa, walikuwa wanaona mbali. Tangu miaka ya 1890 kulikuwa na watu Madras wakiandika barua na malalamiko kuwataka wakubwa wa serikali ya Kiingereza wasihudhurie tafrija zenye wacheza ngoma wa kike, wakidai kwamba hao ni makahaba tu. Kufikia wakati Bala anazaliwa, kumwingiza mtoto wa kike katika ngoma kulikuwa ni kumtwisha aibu ambayo hakuitafuta. Muziki ulikuwa bado una heshima kidogo. Ngoma ilikuwa imekwisha kuvuliwa yake. Jayammal hakurudi nyuma.

Bala alipokuwa na miaka 4 hivi, akamkabidhi kwa Kandappa Pillai. Kandappa alikuwa wa ukoo wa ndugu wanne wa Thanjavur, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, ambao mwanzoni mwa karne ya 19 waliipanga ngoma hii katika mfuatano unaofuatwa hadi leo. Mwalimu wa namna hiyo huketi na matoazi mikononi, akitamka silabi za mapigo kwa mdomo na kuiongoza miguu ya mchezaji kwa sauti yake. Alikuwa mkali, na Bala hakuficha jambo hilo alipozungumzia utoto wake. Hatua moja ilirudiwa mpaka mguu uliposhuka pamoja na toazi, si kabla wala si baada. Mambo ya uso na mikono, yaani namna ya kulieleza shairi kwa mwili, aliyapata pia kwa Mylapore Gauri Ammal, mmoja wa wacheza ngoma wa mwisho wa hekalu la Kapaleeswarar hapo Madras. Mwaka 1925, akiwa na miaka 7, alicheza mbele ya watu kwa mara ya kwanza, katika hekalu mjini Kanchipuram.

Miaka miwili baadaye, 1927, jambo lile ambalo jamaa zake walikuwa wameliogopa likafika kwenye baraza la kutunga sheria la Madras. Aliyelifikisha alikuwa Dakta Muthulakshmi Reddi, mwanamke wa kwanza kukaa katika baraza hilo, ambaye mama yake mzazi alitoka katika jamii hiyohiyo ya wanawake wa ngoma. Ni lazima nimtendee haki. Aliona mabinti wadogo wakiwekwa wakfu kabla hawajajua maana yake, aliona umaskini ulivyowageuza wengi kuwa bidhaa, na hakuwa anasimulia uvumi. Lakini hasira ile iliteketeza vyote pamoja. Bangalore Nagarathnamma, mwimbaji na msomi wa jamii hiyo aliyejenga kwa fedha zake kumbukumbu ya mtunzi Tyagaraja huko Thiruvaiyaru, alikuwa miongoni mwa waliosimama kusema kwamba wao ni wasanii na wenye mali, wasihukumiwe kwa jumla. Hawakusikilizwa. Sheria ilipopita, mwaka 1947, ilipiga marufuku kuwaweka mabinti wakfu na pia kucheza kwao mahekalini. Mwaka huohuo India ilipata uhuru, na waziri wake wa kwanza wa fedha, R. K. Shanmukham Chetty, ndiye aliyekuwa baba wa binti pekee wa Balasaraswati, Lakshmi, aliyezaliwa 1943. Ndivyo mambo yalivyokuwa yamesokotana.

Wakati wanawake wa jadi wanafungiwa milango, ngoma yao ilikuwa inafunguliwa milango mingine. Wanasheria na wasomi wa Madras waliona kwamba taifa linalodai uhuru lahitaji sanaa yake ya kale, na kile kilichokuwa kikiitwa sadir kikapewa jina la Bharatanatyam. Desemba 1935 Rukmini Devi Arundale, mwanamke wa Kibrahmini, alicheza mbele ya hadhara huko Adyar, na mwaka uliofuata akaanzisha shule ya Kalakshetra. Huyu naye alikuwa mtu mkubwa. Bila shule yake maelfu ya vijana wasingeiona kamwe hatua ya kwanza. Aliisafisha mistari ya mwili, akabuni mavazi, akapanga taa na jukwaa. Na alitaka pia kuisafisha maana. Mashairi ya mapenzi yaliyokuwa wazi mno aliyaweka kando, akauvuta moyo wa ngoma kuelekea ibada iliyotakata.

Hapo ndipo Balasaraswati alipokataa, na kukataa kwake ndiko kunakonifanya niandike habari hizi. Kwake, mahaba yalikuwa mtima wa ngoma yote. Wataalamu wa sanaa za India huyaita sringara, na Bala alishikilia kwamba hakuna hisia nyingine yenye upana wa kutosha kubeba shauku ya mtu kwa Mungu wake. Mwanamke anayemngoja mpenzi aliyechelewa, anayemwonea wivu, anayemtuma shoga yake na ujumbe kisha akajuta kumtuma, huyo ndiye roho inayomngoja Mola. Ukimwondolea mwili, alisema, umemwondolea na roho. Hakuona kitu kinachohitaji kutakaswa, na wanaodai kuitakasa ngoma wanaiharibu. Msikilizaji wa kasida za kwetu hataona ugeni katika fikra hiyo. Amezoea kusikia mapenzi ya Mtume yakiimbwa kwa maneno ya mtu aliyekosa usingizi kwa ajili ya kipenzi.

Tena hakutetea kwa maneno tu. Kiini cha onyesho la Bharatanatyam ni kipande kiitwacho varnam, ambacho huweza kuchukua karibu saa nzima. Ndani yake mchezaji hupishanisha hatua ngumu za miguu na mistari michache ya shairi, na kila mstari hurudiwa ili apate kuueleza upya. Wachezaji wengi hutunga mapema jinsi watakavyoueleza, wakahifadhi. Bala alibuni palepale jukwaani. Mara nyingi yeye mwenyewe aliimba huku akicheza, kwa sauti aliyoirithi kwa Jayammal, na mwimbaji wa pembeni alilazimika kumfuata anakokwenda, iwe ni kwenye kejeli, kwenye chozi au kwenye kumbukumbu ya jambo la zamani. Waliomwona walitoa ushuhuda mmoja: kwamba hukuweza kutenga unachokisikia na unachokiona. Mimi nasadiki kwamba hilo haliwezi kufundishwa katika shule ya ngoma peke yake. Linataka sebule kama ile ya George Town.

Jina lake lilitoka nje ya Kusini mapema. Mwaka 1934 alicheza Kalkuta, na Uday Shankar, mcheza ngoma aliyekuwa tayari na sifa Ulaya, akawa mtetezi wake. Ray mwenyewe alimwona katika miaka hiyo, akiwa bado kijana, na hakumsahau. Kuna picha ya studio ya wakati huo ambayo naipenda kupita picha zake zote za jukwaani: Bala na rafikiye M. S. Subbulakshmi, mwimbaji aliyetoka katika jamii ileile na ambaye baadaye India nzima ilimheshimu kama mtakatifu, wamevaa pajama za kizungu, sigara mkononi, wanaitazama kamera kwa ujeuri wa wasichana wawili waliotoroka nyumbani kwa saa moja. Subbulakshmi aliolewa, akaingia katika heshima ya tabaka la juu, sauti yake ikasikika hadi Umoja wa Mataifa. Bala hakubadilisha chochote katika historia yake. Alisema wazi ametoka wapi.

Miaka ya 1940 ilikuwa michungu. Dhanammal alikuwa amefariki 1938. Kandappa aliitwa Almora, milimani, kufundisha katika kituo cha Uday Shankar, na 1941 akafariki. Bala alikuwa mgonjwa wa moyo, mwili ulimnenepea, mialiko ikapungua, na majukwaa yalijaa mabinti wa familia zenye heshima waliojifunza ngoma ya nyanya zake. Ganesan, mwana wa Kandappa, alichukua matoazi ya baba yake, na taratibu Bala akarudi jukwaani. Mwaka 1953 Chuo cha Muziki cha Madras kilimfungulia shule, kwa juhudi za msomi V. Raghavan. Tuzo ya Sangeet Natak Akademi ilimfikia 1955, na nishani ya Padma Bhushan 1957. Wanafunzi wa nyumbani walibaki wachache. Wazazi walitaka binti atakayeonyeshwa jukwaani baada ya miaka michache, naye alitaka mtoto aimbe kwanza.

Ajabu ni kwamba mlango uliofunguka kwa upana zaidi ulikuwa ng'ambo ya bahari. Mwaka 1961 alicheza Tokyo kwenye mkutano wa muziki wa Mashariki na Magharibi. Mwaka uliofuata alikwenda Marekani: akafundisha Wesleyan, chuo kikuu cha Connecticut ambako Robert Brown alikuwa akijenga masomo ya muziki wa mataifa, na akacheza Jacob's Pillow, makao ya ngoma ya Ted Shawn katika milima ya Massachusetts. Mwaka 1963 alikuwa kwenye tamasha la Edinburgh, na Subbulakshmi naye alikuwapo. Hadhira za huko hazikujua Kitelugu wala Kitamil, hazikujua Krishna ni nani, wala hazikuwa na habari ya ugomvi wa Madras kuhusu nani ana heshima na nani hana. Walimwona mtu akieleza kungoja, wakakutambua kungoja. Ndugu zake wawili, Ranganathan mpiga ngoma ya mridangam na Viswanathan mpiga filimbi, wakawa walimu wa Wesleyan, na muziki wa sebule ya Dhanammal ukapata nyumba ya pili kwenye theluji. Kwa miaka mingi Bala alikuwa akienda na kurudi, akifundisha pwani zote mbili za Marekani.

Nyumbani nako walianza kumwona upya. Mwaka 1973 alipewa Sangita Kalanidhi, heshima kubwa ya Chuo cha Muziki cha Madras ambayo ni ya wanamuziki. Kupewa mcheza ngoma kulikuwa kukiri jambo ambalo yeye alilisema siku zote, kwamba ngoma yake ni muziki unaoonekana. Mwaka 1975, akihutubia mkutano wa muziki wa Kitamil mjini Madras, aliulinganisha mfuatano wa onyesho na safari ya kuingia hekaluni. Alarippu, kipande cha kwanza kisicho na maneno, ni mnara wa lango. Jatiswaram na sabdam ni kumbi za kupita, na kwenye sabdam ndipo neno linasikika mara ya kwanza. Varnam ni ukumbi mpana ulio mbele ya patakatifu. Padam, zile nyimbo za mapenzi za mwendo wa pole alizocheza kuliko mtu yeyote wa zama zake, ndizo chumba cha ndani kabisa, kidogo na chenye kiza, alipo mungu mwenyewe. Sheria ilikuwa imewafukuza wanawake wa ukoo wake wasicheze hekaluni. Yeye aliwaeleza wasikilizaji wake kwamba hekalu lote limo ndani ya ngoma, na chumba cha ndani kabisa akakikabidhi kwa nyimbo zilezile ambazo wengine walikuwa wameziona chafu. Nishani ya Padma Vibhushan ilifuata 1977.

Lakshmi alimrithi mama yake, akacheza na kufundisha Marekani na India hadi alipofariki 2001. Mumewe, Douglas Knight, alichapisha 2010 kitabu kinachoeleza maisha ya Bala kwa undani kuliko kingine chochote, na mwana wao Aniruddha anacheza, akiwa kizazi cha tisa. Kila Desemba Chennai hufanya msimu wake wa muziki na ngoma, kumbi zikijaa asubuhi hadi usiku, na familia za Kihindi kutoka Marekani, Uingereza na Ghuba huleta mabinti zao kucheza. Miaka ya karibuni vijana waliozaliwa katika koo za jadi wameanza kuuliza hadharani kwa nini wao ni wachache mno juu ya majukwaa hayo, na wapo wanaokasirishwa na swali hilo. Mimi nipo upande wa wanaouliza. Karatasi za maonyesho hutaja mtunzi, mwalimu, mpiga ngoma, hata mtengeneza mavazi. Zitaje pia Papammal, Dhanammal, Jayammal na Gauri Ammal, kwa maana hatua zinazochezwa zilipita mikononi mwao.